Mistari Myekundu ya Mumbua

Juzi nikipanga kabati la marehemu mama huko Kola, nilikuta Biblia yangu ya utotoni, na wivu wa zamani ukanirudia kana kwamba haukuwahi kuondoka.

Mumbua, mtoto wa jirani, alikuwa na Biblia iliyojaa mistari ya kalamu nyekundu. Kila Jumapili mwalimu wetu wa sandeskuli aliinyanyua tuione. "Huyu anasoma," alisema. Mimi niliamini Mungu anahesabu mistari, na Mumbua alikuwa ameniacha mbali.

Basi alasiri moja, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa ukitokota jikoni na kuku wakichakura chini ya dirisha, nilichukua rula na kalamu nyekundu. Nilipigia mistari kurasa nzima bila kusoma neno, mpaka vidole vikanuka wino.

Mama aliingia akatazama. "Na hapa, ni nini kimekugusa?"

Nikasoma kwa mara ya kwanza. Ilikuwa hesabu ya ng'ombe na punda. Mama hakucheka. Alinituma tu nirudishe ungo kwa kina Mumbua.

Nilimkuta Mumbua uani akimsomea susu, nyanya yake aliyekuwa kipofu. Kila susu alipoinua mkono, Mumbua alirudia maneno yale, kisha akayapigia mstari.

"Hayo utanisomea tena kesho," susu alisema.

Nilirudi nyumbani na wivu zaidi ya ule niliokwenda nao. Siku hizi nasoma Biblia kila asubuhi, kalamu iko mezani. Hakuna anayenisikiliza akaniinulia mkono.