Brashi Niliyoitoa kwenye Mtungi wa Dada Yangu

Ningemwambia tu yule mteja, "Ngoja kwanza nikamuulize dada." Nyumba ya dada haikuwa mbali na duka langu la uchapaji hapa Ndhiwa. Sikwenda.

Mteja alikuwa amefiwa na mama yake, akataka kijitabu cha mazishi kipambwe kwa picha za mitungi. "Mzee, weka ile michoro ya dada yako. Mama aliipenda sana." Nikamwambia kitakuwa tayari kesho. Nilikuwa mchoraji wa mabango tangu nimalize sekondari, kompyuta nikajifunza uzeeni, na nilipenda kujionyesha.

Dada yangu mkubwa alifinyanga mitungi ambayo akina mama waliwanunulia mabinti wanaoolewa. Kabla udongo haujakauka, alibingirisha juu yake kamba aliyoisuka mwenyewe, ikaacha mistari mitatu ya alama kama miiba ya samaki. Kila mfinyanzi wa kwetu ana kamba yake, na mtu akiona alama anajua ni mkono wa nani. Nilipiga picha mtungi wake mmoja, nikachora kipande kidogo cha alama zile kwenye programu, nikakihifadhi kama brashi. Tangu hapo nikivuta mstari wowote kwa kipanya, alama za dada zilijipanga zenyewe. Mitungi, vibuyu, pambizo za kurasa, vyote kwa dakika chache. Kijitabu kilisifiwa, na waliofiwa wengine wakaja wakitaka kama kile, hata kutoka Migori. Nikaitumia brashi hiyo msiba baada ya msiba.

Siku moja dada alirudi kutoka sokoni na mitungi yake yote.

"Omera, ndugu yangu, leo nimechekwa. Mama mmoja ananiuliza, 'Nyanya, unataka binti yangu aingie kwa mumewe na mtungi wa matanga?' Ati mchoro wangu uko kwenye karatasi za mazishi. Nani ameupeleka huko?"

"Ni hao watu wa mtandao," nikamjibu. "Siku hizi wanaiba kila kitu."

Hata macho sikuyashusha.

Wiki mbili baadaye aliingia dukani akanikuta nachora. Akasimama nyuma ya kiti changu.

"Vuta tena," akasema.

Nikavuta. Akakisogelea kioo cha kompyuta, akaweka kidole. Kamba yake ilikuwa na uzi mmoja mnene, na kila ilipozunguka iliruka alama moja, ikaacha pengo kwenye udongo. Pale kwenye kioo, pengo lile lilijirudia mstari mzima.

"Hata kosa langu umelichukua. Na uliniangalia usoni ukaniambia ni watu wa mtandao."

"Dada, naifuta sasa hivi."

"Futa. Na zile zilizo kwenye nyumba za watu utazifuta na nini?"

Niliifuta. Vijitabu vilibaki vilipo, maana watu huvihifadhi ndani ya Biblia zao. Nilikwenda kwake mara tatu kuomba radhi, akanisikiliza akiwa amesimama mlangoni, bila kunikaribisha. Mitungi iliyobaki aliitoboa chini, akapandia sukuma wiki.

Hajafinyanga mwingine tangu siku hizo. Kazi aliyofundishwa na mama yetu imekufa mikononi mwake, na mimi ndiye niliyeiua. Dada naye nimempoteza: kanisani hunipa mkono kama anavyowapa wageni, kisha huenda kuketi kwingine.