Deki Iliyouliza Région

Kwaya ya kanisa la dada yangu, kule Ubelgiji, ilitoa DVD ya nyimbo zake, naye akatutumia moja kwa mkono wa mchungaji aliyekuwa akija Mantapala, kambi yetu ya wakimbizi huku Zambia. Mama aliipokea kwa vidole viwili. Simu yetu ya vitufe ilikuwa imetuletea sauti ya dada miaka mitatu, lakini mama hakuiamini hata siku moja. Sauti, alisema, mtu yeyote mwenye njaa anaweza kuiiga. Alitaka kumwona mwanawe akipumua.

Nikaitia DVD kwenye deki tuliyonunua kwa wachuuzi wa ng'ambo ya ziwa. Ikakoroma kidogo, kisha maandishi ya Kifaransa yakatokea kwenye televisheni. Nikamsomea mama: région, yaani eneo la mtu, si sahihi.

"Inauliza région ya nani?"

"Ya sisi, nafikiri."

"Zima. Usijibu."

Nikazima. Msitucheke. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi neno hilo tuliulizwa kule Kongo kwenye barrière, barabara imefungwa kwa gogo, na waulizaji wameshika mapanga; aliyetaja kwao wasipopataka hakupita. Hata mimi niliyesoma nilichungulia nyuma ya deki, sijui nikitafuta nini.

Kesho yake tukaipeleka mjini Nchelenge, kwa fundi wa redio karibu na stendi ya mabasi ya Mansa. Nilimshuku tangu alipotabasamu. Mafundi wengine hubadilisha vipuri ukipepesa jicho tu, kwa hiyo mimi nililinda mikono yake, mama akalinda waya. Hakufungua hata skrubu moja.

"Bamayo," akamwambia mama, "deki haina problem. Ni DVD. Za Ulaya banazifunga, zisicheze huku."

"Nani anazifunga?" mama akauliza.

"Benye kuuza."

Jibu hilo mama alilikubali bila ubishi. Fundi akafungua trei, akabonyeza namba kadhaa kwenye rimoti, mwisho sifuri, akasema sifuri maana yake région zote. Mama akaninong'oneza kwamba mtu wa région zote ndiye wa kuogopwa zaidi.

Kwaya ikatokea kwenye televisheni ya fundi. Dada alikuwa mstari wa pili, amenenepa, nywele si zake. Mama alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Nikaona kwamba bado hajasadiki. Wimbo ulipoisha waimbaji wakaanza kujitambulisha, kila mmoja jina lake na kwao. Zamu ya dada ikafika. Akataja jina, macho yakakimbilia pembeni, akasema amezaliwa Zambia, Nchelenge.

Alizaliwa Kongo, kwenye kitanda kilekile nilichozaliwa mimi. Niliona aibu mbele ya fundi, kisha hasira ikanipanda: yuko Ulaya, nani anamtisha huko? Nikamgeukia mama nikijua analia.

Alikuwa anatabasamu.

"Njo yeye," akasema. "Njo vile nilimufundishaka kujibu kwa barrière."