Tanuru Lililogeuka Ndani Nje

Mama yangu hakuwahi kuniomba kitu chochote cha kompyuta. Anaiita "hiyo televisheni yako", na anaamini inaniharibia macho. Ndiyo maana nilishangaa aliponiambia, tukipepeta ulezi uani kwetu Chanji, kwamba anataka kuliona tena ilungu la kijijini kwao kabla hajafa. Ilungu ni tanuru la udongo ambalo mababu zetu walilitumia kuyeyushia chuma, refu kumzidi mtu, lenye matundu chini na mdomo wazi juu. La kwao lilikuwa kilimani, mbele ya Chala, na magoti yake hayapandi tena kilima. Picha za simu alizikataa. Alisema picha hazizunguki.

Mimi naishi kwa kuandika programu za Java za maduka, mambo ya stoo na risiti. Kimbelembele kikanishika nikamwambia nitamjengea ilungu ndani ya kompyuta, alizungushe kwa kidole apendavyo. Sikuwa nimewahi kuchora hata boksi moja la pande tatu.

Nilikwenda na futi kamba, nikalizunguka tanuru kutwa nzima, nikipima na kuandika kwenye daftari. Wiki iliyofuata mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Mjomba akapiga simu kutoka kijijini: ilungu limelala, limebaki tope. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango na simu mkononi. Kitu kilichosimama pale tangu kabla babu hajazaliwa kilikuwa kimenisubiri nikipime, kisha kikaanguka. Mama nilipomwambia hakulia. Aliuliza tu, "Lako lipo?"

"Lipo, mama."

Nilimdanganya. Nilichokuwa nacho ni skrini nyeusi.

Nilihangaika na weusi ule siku mbili. Nilikagua namba zote upya, nikailaumu mashine, nikamlaumu fundi aliyeniuzia mashine. Kumbe umbo lilikuwepo muda wote, ila nilikuwa nimelimulika kwa taa iliyokaa mbali, tena upande usiofaa, na rangi niliyolipaka ilikuwa nyeusi kama masizi. Niliposogeza taa na kubadili rangi, ilungu likatokea limening'inia kichwa chini kama ndoo. Hapo nilijua kosa haraka, kwa sababu nilishasoma kwamba kwenye maktaba ya Java niliyotumia, yaani msimbo ulioandikwa tayari wa kuchorea maumbo, kimo huhesabiwa kwenda chini, wala si kwenda juu. Nilipoligeuza nilipiga makofi peke yangu. Makofi hayakufika mbali. Ukuta wa mbele haukuwepo. Nililizungusha, na kila upande uliokuja mbele ulitoweka, nikawa natazama ukuta wa nyuma kwa ndani.

Hilo lilinitoa jasho. Nikafuta, nikaandika upya, likarudi vilevile. Nilishuku kila kitu isipokuwa miguu yangu. Katika maktaba hiyo, kila kipande cha ukuta ni pembetatu, na pembe zake zikitajwa kinyume na mwendo wa saa, mashine inajua huo ndio uso wa nje. Zikitajwa kwa mwendo wa saa, inaamini unautazama mgongo wake, na migongo haiichori. Mimi nilizitaja kama nilivyotembea. Na nilitembea kama mama alivyonifundisha nikiwa mdogo, tukilima matuta ya duara shambani Izia: tuta liwe mkono wako wa kulia, uvute nyasi uzifukie ndani, uzunguke mpaka ufike ulipoanzia. Huo ni mwendo wa saa, na sijawahi kuzunguka kitu kwa njia nyingine. Nilijenga ukuta mzima kama tuta, uso ukiwa umefukiwa ndani. Nilicheka, kisha nikajionea aibu.

Nilikuwa bado sijarekebisha mama alipoingia na kikombe cha chai. Aliiona skrini. Kikombe akakiweka juu ya daftari langu, akavuta kigoda.

"Umeingia ndani," alisema.

"Hapana mama, ni kosa. Subiri kidogo." Nilipindua mpangilio wa pembe, nikaendesha programu tena, na ilungu likasimama zima, zuri, limefungwa kila upande. Nilimgeukia nikitegemea sifa.

"Nirudishie lile bovu."

Nilirudisha. Alisogeza uso karibu na kioo, akawa anatafuta. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Viganja."

Sikuelewa, na nilipoelewa nilipigwa na butwaa. Msichana hakutakiwa kukaribia ilungu, achilia mbali kuingia. Ulikuwa mwiko mkubwa, na mama yangu ndiye mtu aliyenichapa kwa kuvunja mwiko mdogo tu, kuruka chungu cha jirani. Lakini aliniambia kwamba alipokuwa na miaka minane yeye na mdogo wake walipenya kwenye tundu la chini, wakapaka udongo mbichi ukutani, wakabandika viganja. Mdogo wake nilijua alifariki utotoni. Sikujua zaidi.

"Hakutaka kuingia," mama alisema. "Nilimvuta mkono. Kabla ulezi wa mwaka ule haujavunwa, akaugua, akafa. Sijamwambia mtu. Hata baba yako."

Nilitaka kumwambia kwamba ilikuwa homa tu. Lakini nilikuwa tayari nikiliona kosa langu halisi: nilipima nje kutwa nzima, na sikuingiza hata kichwa ndani. Viganja vilikuwa vimekwenda na tope.

"Mama, ndani sikupima."

"Najua. Andika."

Akanyoosha kidole kwenye skrini, hapa changu, hapa chake, chini kidogo. Akaweka mkono mezani na kunionyesha kwenye vidole vyake ukubwa wa mkono wa mdogo wake. Niliandika pembe moja baada ya nyingine. Alinisahihisha mara mbili, maana mtoto alitumia mkono wa kushoto na mimi niliweka wa kulia. Vilipotokea viwili, kikubwa na kidogo, alivifuatisha kwa kidole kwenye kioo mpaka chai ikapoa.

"Mle ndani kulikuwa giza," alisema hatimaye. "Na yeye alikuwa anaogopa giza. Mwekee taa."

Nilichukua taa iliyokuwa nje, nikaiweka ndani ya tanuru, chini, usawa wa mtoto.