Yesenia na Neno "Pole"

Ilikuwa saa moja kasorobo asubuhi, mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote nilizokaa chuoni Iringa. Yesenia aligonga mlango wa bweni letu akiwa ameshika begi lake la safari. Baridi ilikuwa kali, pumzi zinatoka kama moshi. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha wiki chache: "Twende stendi. Mimi nyumbani."

Nyumbani kwake kulikuwa Kolombia. Na Jumamosi ya wiki hiyohiyo yeye ndiye aliyetakiwa kutoka mbele katika onyesho letu la kufungua mwaka.

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulinipigia simu ukishangilia, kwamba chuo chenu cha sanaa kimekuchagua uwe mwenyeji wa wanafunzi wanaotoka nje. Nimefurahi mno. Nimekuwa nikitembea ndani ya nyumba huku na huku kama ninayesafiri mimi. Kazi hiyo niliifanya nikiwa na umri kama wako, na kuna jambo moja ningependa uende nalo.

Yesenia alikuwa mcheza ngoma. Alifika Mbeya kwa treni akitokea Zambia, nami nikatumwa kwenda kumpokea. Nilijiandaa barabara, unanijua. Kwenye basi la kurudi Iringa nilimfundisha maneno njia nzima: maji, chakula, choo, asante. Kwenye mteremko wa Inyala dereva akawa anaachia gari, abiria wakapiga kelele: "Dereva, polepole! Tuna watoto humu!" Basi likapunguza mwendo. Yesenia akaniuliza neno lile maana yake nini. Nikamwonyesha kwa mkono kitu kinachokwenda kidogokidogo, kama kobe. Akalirudia mpaka Igawa, wauza karanga dirishani wakamshangilia.

Nilijiona mwalimu kweli. Tulipofika chuoni nikamwonyesha bweni, bafu, kantini, ukumbi wa mazoezi, hata fundi viatu wa karibu na lango. Nikaona kazi yangu imekwisha.

Siku za mwanzo alicheza hadi watu wakasimama kwenye madirisha. Alikuwa na mguu mwepesi, na kiuno kinachosikia kila pigo. Mzee Kihwele, mwalimu wetu wa ngoma, mtu asiyesifu ovyo, akamweka mbele. Sote tulisisimka. Tulijua mwaka huo onyesho litakuwa la aina yake.

Kisha likatokea jambo ambalo hatukulielewa. Kila siku Yesenia alizidi kwenda mbio. Ngoma ikianza, yeye ameshatangulia, na wapigaji wanamfukuza nyuma.

"Huyu dada anawahi gari?" mpigaji mmoja akauliza, tukacheka.

Hakucheka. Akaanza kubaki ukumbini saa ya chakula, anacheza peke yake. Akitoka, jasho linamtiririka, na kila anayekutana naye anamwambia kama sisi sote tunavyoambiana: "Pole, dada." Mama wa kantini akimwona hajala anamwambia, "Pole sana, mwanangu, utakonda." Mimi mwenyewe kila jioni nilimwambia, "Pole na mazoezi." Kadiri alivyochoka ndivyo tulivyozidi kumpa pole. Na kadiri tulivyompa pole ndivyo alivyozidi kukimbia.

Jioni moja, katikati ya mazoezi, akateleza akaanguka kifudifudi. Ukumbi mzima ukapaza sauti: "Pole! Pole sana! Pole jamani!" Akainuka bila kumtazama mtu. Akafungua njuga miguuni, akaziweka sakafuni, akatoka. Asubuhi yake ndipo aliponigongea mlango.

Nilibeba begi kwa sababu sikujua la kufanya jingine. Tulipofika langoni tukakutana na Mzee Kihwele anaingia, amejifunga skafu mpaka masikioni.

"Kamwene," akatusalimu kwa Kihehe, kama kawaida yake. Kisha akalitazama begi. "Mnahama?"

"Anataka kurudi kwao, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Sijui."

"Hujui? Mwenyeji wake nani, mimi?"

Nikalitua begi chini. Akamgeukia Yesenia, akatumia Kiswahili chepesi, neno baada ya neno: "Binti, tangu ufike hapa, umesikia nini?"

Yesenia akajibu. "Watu wote wanasema mimi pole. Kantini, pole. Bweni, pole. Yeye," akaninyooshea kidole, "kila siku, pole. Mimi nakimbia, nakimbia. Watu wanasema pole sana." Akafanya kwa mkono ile ishara niliyomfundisha kwenye basi, ya kobe.

Mwanangu, nilisikia joto usoni katika baridi ile yote. Alikuwa amekaa nasi siku zote hizo akiamini kwamba chuo kizima kinamwambia hajui kucheza, ni mzito, mzito sana.

Mzee Kihwele hakucheka. Wakati ule mama mmoja alikuwa anapandisha mlima na mzigo wa kuni kichwani, anatembea harakaharaka. Mzee akamwita: "Mama, pole!"

"Asante, baba, nishapoa," akajibu mama yule bila kusimama, akatupita kama upepo.

"Umemwona?" Mzee akamuuliza Yesenia. "Anakwenda taratibu?"

"Hapana. Mbio."

"Nami nimemwambia pole. Amekasirika?"

"Hapana. Amesema asante." Akatazama kule alikokwenda yule mama. Kisha akashika shingo yake, bega lake, miguu yake, kama anayeuliza bila maneno: kwa sababu ya mzigo?

"Ndiyo," akasema Mzee. "Kwa sababu ya mzigo. Tumeuona mzigo wako, ndiyo maana tunakupa pole."

Yesenia akakaa juu ya begi lake. Akacheka, akalia, akacheka tena. Mzee akanigeukia na kusema polepole, maneno ambayo mpaka leo sijayasahau: "Umemwambia mengi, kijana. Hujamuuliza hata mara moja amesikia nini."

Jioni ile alirudi ukumbini. Alimsikiliza mpigaji wa ngoma kubwa, akatulia ndani ya pigo, na mwendo ukarudi mahali pake. Jumamosi watu walijaa hadi milangoni. Alipotoka mbele, njuga zikaitikia ngoma moja kwa moja, na ukumbi ukalipuka kwa vigelegele kabla hajamaliza duru ya kwanza. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, narukaruka kama mtoto.

Baadaye nilipekua kamusi, nikaona kwamba neno "pole" kwetu hubeba upole, huruma na mwendo wa taratibu kwa pamoja. Sisi tuliozaliwa nalo hatuoni tatizo. Mgeni hushika maana moja tu, ile aliyopewa kwanza, na aliyempa anaweza kuwa wewe.

Basi, mwanangu, waonyeshe wageni wako bweni na kantini, wafundishe salamu, wacheke nao. Lakini kila siku tafuta nafasi, kaa na kila mmoja, umuulize: leo umesikia nini, na umeelewaje? Mwache ajibu kwa maneno yake mabovu mpaka mwisho. Usimkatize kumsahihisha. Ukiona mchangamfu ameanza kujitenga, usiseme amechoka na baridi. Muulize. Na kama wewe ndiye uliyemfundisha vibaya, mwambie hivyo papo hapo, hatakudharau.

Mungu akupe sikio lenye subira na moyo mkunjufu. Wageni wako washibe, walale salama, wacheze mpaka vumbi liinuke, na siku ya kuondoka wakose mguu wa kuondokea. Haya, amka ukawapokee.