Swali la Tisa kwenye Fomu ya Udaktari

Swali lenyewe lilikuwa la tisa, katikati ya ukurasa wa tatu, na lilichukua mistari miwili tu: je, mwombaji ana uhusiano wowote wa kifamilia na watu anaokusudia kuwatafiti? Kando yake kulikuwa na vijisanduku viwili. Nikaweka alama kwenye kile cha hapana. Nimejaza fomu nyingi tangu siku hiyo, za viza, za ndoa, za kustaafu, na hakuna alama nyingine ninayotamani kuifuta kama ile.

Wakati huo nilikuwa ofisa masoko katika chama cha ushirika cha pamba, Shinyanga mjini. Ilikuwa miaka ya themanini kuelekea mwisho, serikali imeanza kulegeza kamba, sabuni zimeanza kurudi madukani, na mimi nina shahada mbili za biashara na kiburi cha shahada nne. Nilitaka ya tatu, ya udaktari, na niliitaka ng'ambo. Wenzangu ofisini walinitania kwamba nitakuwa daktari wa maduka, nitapita nikiwapima wenye maduka presha. Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa nimeshaanza kuitwa Dakta.

Chuo kilitaka andiko la utafiti, maelezo juu ya nafsi yangu na barua tatu za watu wanaonifahamu. Andiko halikunipa shida, kwa sababu nilikuwa na jambo ambalo niliamini hakuna mwombaji mwingine angekuwa nalo. Kule Geita, kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, na duara ndilo jina la shimo la dhahabu, mawe yakishapandishwa juu hayagawanywi kwa ubabe. Mtu mmoja anayeaminiwa na wote huyapanga mafungu kabla jiwe hata moja halijatwangwa, maana likishatwangwa na dhahabu ikaonekana, hapo undugu umekwisha. Kisha mwenye duara anachagua fungu lake, wachimbaji wanachagua, mchota maji anachagua, na yule aliyegawa anachukua lililobaki. Niliandika kurasa kumi na nne juu ya utaratibu huo, nikaupa jina refu la kitaalamu, na nikaeleza kwamba niliugundua kwa uchunguzi wa muda mrefu.

Uchunguzi gani! Mgawaji wa duara nililoliandika alikuwa mama yangu mzazi.

Baba alipofariki, mama aliondoka kijijini kwetu, upande wa Tinde, akaenda Geita kuwapikia wachimbaji. Walimlipa kwa mawe, na walipoona uaminifu wake wakamfanya mgawaji wao. Aliyatwanga mwenyewe kwenye kinu cha chuma, akayachekecha, akayaosha kwenye karai, na kilichobaki chini ya karai ndicho kilichonisomesha mpaka nikajua kuandika kurasa kumi na nne. Likizo zangu zote za sekondari nilizimalizia pale, natwanga naye, vumbi limenijaa puani. Kila nilichokijua juu ya mafungu alinieleza yeye, kwa Kisukuma, huku anachambua maharage.

Kwa nini basi niliandika hapana? Sababu ya heshima, ile niliyojiambia, ni kwamba nilikuwa nimesoma mahali kuwa mtafiti wa kweli hutazama mambo akiwa mbali nayo. Nikisema ni mama yangu, wataniona sina macho ya kitaalamu. Sababu ya pili sikujiambia, ila niliijua. Nilimwonea haya. Nilikionea haya kile kinu, na miguu yake iliyopasuka, na Kiswahili chake ambacho kila r ilikuwa l. Kwenye maelezo ya nafsi yangu niliandika kwamba nimezaliwa katika familia ya wafanyabiashara, nikaweka nukta.

Utepe wa mashine ya kuchapa ya ofisini ulikuwa umefifia, na mpya haupatikani, kwa hiyo nilikwenda kuchapa kwenye duka la vitambaa la mzee mmoja Mhindi, Mwislamu, ambaye niliwahi kumfanyia kazi nikisubiri matokeo ya kidato cha nne. Alikuwa mmoja wa wale watatu wa kuniandikia barua. Alikaa nyuma ya kaunta na miwani yake puani, akasoma ukurasa mmoja mmoja kadiri nilivyoutoa kwenye mashine. Alipofika kwenye mafungu ya mawe akasema habari hii aliwahi kuisikia kwa mama yangu, palepale dukani, siku alipokuja kununua kanga. Kisha akauliza mbona mama hayumo.

Nikamweleza kwamba mambo ya wasomi yana taratibu zake.

"Mimi mtu akiniuliza biashara nimejifunza wapi, naonyesha baba yangu, yule pale ukutani," akasema. "Wewe utamwonyesha nani?"

Nikasema nitawaonyesha vyeti. Alizinyoosha zile karatasi pembe kwa pembe, akanirudishia, na barua aliyoniandikia ilinisifu kuliko nilivyostahili.

Miezi ikapita. Siku moja ikaja barua kutoka kwa profesa ambaye angekuwa msimamizi wangu kama ningechukuliwa. Alisema andiko limempendeza, na kwa bahati angekuwa Mwanza kwa shughuli nyingine. Angependa nimpeleke kwenye duara lile, aone kwa macho yake, na siku hiyo ndiyo ingekuwa usaili wangu. Nikaisoma mara mbili nimesimama nje ya posta. Furaha ilinipanda, halafu nikakikumbuka kile kijisanduku cha hapana.

Kumpeleka duara jingine haikuwezekana. Wachimbaji wa siku zile walimwona kila mgeni mwenye daftari kuwa ametumwa na serikali, na mimi nilipokelewa kwenye duara lile moja tu kwa sababu nilikuwa mtoto wa mwenye chungu. Ningeweza kumtumia mama ujumbe, nikamweleza ukweli, nikamwomba radhi mapema. Badala yake nilichagua siku ya gulio, nikijua siku hiyo huwa anakwenda sokoni na harudi mpaka jioni. Huo ndio ulikuwa mpango wa mtu mwenye shahada mbili.

Tulivuka na pantoni ya Busisi asubuhi, katika Landrova ya kuazima, mimi nimevaa tai. Profesa alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye maswali mengi ya maana, na kila nilipomjibu nilijiona naingia darasani kwake. Tulipofika duarani tukakuta watu wamejaa. Walikuwa wamepandisha mawe alfajiri ile, na mawe yakipanda, mgawaji haendi gulioni. Mama alikuwa ameinama katikati ya mafungu, kanga kiunoni, anahamisha jiwe kutoka fungu hili kwenda lile.

Siku zote nikifika huwa nainama, nasema shikamoo, kisha namwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, naye ananiitikia kwa jina langu la nyumbani, na kwa jina hilohilo watu wote wa pale humwita yeye Mama Fulani, huyo Fulani ndiye mimi. Siku ile alipoinua uso akaniona, uso ukamchangamka. Alianza kunyoosha mkono. Profesa alikuwa hatua moja nyuma yangu.

"Habari za kazi, mama," nikasema, kwa Kiswahili, nimesimama wima, kama ofisa anayesalimia mama yeyote aliyemkuta njiani.

Mkono wake ulirudi chini. Alimtazama mgeni, akatazama tai yangu, akayafuta mavumbi ya viganja vyake kwenye kanga. Sikuwa nimemwambia kitu, na alielewa kila kitu. Akapiga magoti kidogo, kama wanawake wa kwetu wanavyomfanyia mkubwa.

"Shikamoo, bwana," akasema.

Na mimi nikaitikia marahaba.

Wachimbaji wote walikuwa wananijua. Waliosimama karibu waliinamisha macho kwenye mawe. Kama mmoja wao angecheka au kunitukana, ningepona kidogo. Lakini walimfuata mgawaji wao, kama walivyozoea, na tangu hapo kila mmoja aliniita bwana. Profesa aliniuliza tumesemezana nini. Nikamwambia tumesalimiana tu.

Kisha akataka aelezwe jinsi ya kugawa. Nikawa mkalimani kati yake na mama yangu. Mama alimweleza taratibu, akionyesha kwa mkono fungu hadi fungu, na r zake zote zikiwa l, na sikusikia tena kasoro yoyote ndani yake. Profesa akauliza nini kinamzuia mgawaji kuficha mawe mazuri kwenye fungu moja kisha alichukue. Mama akasema mgawaji huchukua la mwisho, kwa hiyo akipanga vibaya anajipunja mwenyewe. Profesa akauliza tena, je, haoni uchungu kubakiwa?

"Ninachobakiwa ni halali yangu," mama akasema. "Hakuna anayeweza kusema nimemwibia."

Alisema maneno hayo akimtazama profesa, hakunitazama mimi. Nikayatafsiri yote, sikupunguza neno.

Profesa aliandika kwa haraka. Alitaka jina la mama huyu, kwa sababu hajawahi kusikia jambo zito likielezwa kwa wepesi namna ile. Yeye alinijua kwa jina langu la cheti, la ubatizo. Kwa hiyo nikamwambia wanamwita Mama Fulani, nikalitamka jina langu la nyumbani herufi kwa herufi ili aliandike, kama jina la mtu nisiyemjua.

Kwenye gari, njiani kurudi, aliniuliza kama yule mama ana watoto. Ilikuwa nafasi yangu. Barabara ilikuwa ndefu, dereva alikuwa mtu wa Mwanza asiyetufahamu, hakuna aliyekuwa ananisikia zaidi ya mtu mmoja ambaye, nadhani sasa, angenisamehe na pengine angenipenda zaidi. Nikasema nadhani anaye mmoja.

Barua ya kukubaliwa ilifika masika yalipokuwa yanaisha. Ilisema kamati ilivutiwa hasa na jinsi nilivyoweza kuaminiwa na jamii nisiyotoka kwayo. Ofisini walininunulia soda. Mzee wa vitambaa alinipa mkono, akauliza mama amesemaje, nikamwambia bado hajajua, ndiyo kwanza nakwenda kumwambia. Nilikuwa sijakanyaga Geita tangu siku ile.

Nilikwenda kwa basi, bila tai, barua ipo mfukoni mwa shati. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba radhi, na nilipoiona ile kanga kwa mbali yakanitoka yote. Alikuwa peke yake, amekaa chini kwenye kinu, anatwanga mawe ya fungu lake. Nilipiga magoti hapohapo mavumbini, jambo ambalo mwanamume wa kwetu halifanyi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Aliacha kutwanga. Hakuitikia. Alinyoosha shingo, akatazama nyuma yangu, njia yote mpaka pale gari lingeweza kusimama, kisha akanirudishia macho.

"Leo uko peke yako?" akauliza kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote, apate kujua aniitikie vipi.