Dagaa wa Mwisho

Kwetu Songea mtu hali mlango ukiwa umefungwa. Mnakaa barazani, sahani katikati, na kila apitaye njiani mnamwita, "Karibu tule." Naye hujibu, "Asante, endeleeni," akashika njia yake. Hakuna anayesimama. Katika utoto wangu wote namkumbuka mmoja tu aliyekaa kweli, na alikuwa amelewa.

Nilivuka mpaka na adabu hiyo nilipokwenda Kitale kusomea uuguzi. Nilipanga chumba kwenye ploti ya milango minane inayotazamana, bomba moja la maji katikati. Ikifika saa ya kula, yote minane ilifungwa. Niliwaamkia wakubwa kwa shikamoo, nao wakanijibu "poa" au "sasa" na kunipa mkono, maana kule mkono hupewa kila mtu, hata uliyeachana naye asubuhi. Chai ya maziwa ilinywewa saa yoyote, na ugali ulikuwa mgumu wa kukatwa kwa kisu. Hayo niliyamudu. Nilichoshindwa ni kula peke yangu. Wiki za kwanza nilikuwa nikitafuna huku machozi yananitoka, na sioni aibu kulisema.

Nikaamua kufanya ya kwetu. Nilitoa kigoda mlangoni, nikala pale, nikimwita kila aliyepita. Walinitazama, wakapita. Siku moja jirani wa chumba cha pili, fundi wa cherehani mwenye umri wa mama yangu, mwenyeji wa Naitiri, akasimama. Akatua beseni lake la nguo, akanawa bombani, akaketi. Alikula dagaa wa Nyasa niliofungiwa na mama, akiba yangu ya mwisho, mpaka bakuli likabaki tupu.

"Hii samaki yenu ni tamu, Mtanzania," akasema. "Nyinyi munajua kupika bana."

Nilitabasamu, moyoni nachemka. Mimi ni mtu wa kununa. Nikinuna, nanuna sawasawa. Kesho yake nilikula ndani na mlango nikaufunga, kama wenzangu.

Jumapili mchana akabisha. "Kuja tukule. Nimepika kuku."

"Asante mama, nimeshiba," nikasema.

Kwetu ndivyo mgeni anavyoanza. Mwenyeji hukushika mkono, akakuvuta, ukakataa tena kidogo, ndipo ukaketi. Yeye aliliangalia jiko langu, ambalo halikuwa hata na kaa la moto, kisha akaniangalia mimi. "Sawa," akasema, akaenda zake. Nilisimama nyuma ya mlango nikimsubiri arudi anilazimishe. Harufu ya kuku ilipita juu ya ukuta unaotutenganisha, na mimi siku ile nilishindia chai.

Jumapili iliyofuata akaja tena. Nikajibu vilevile, nikijua safari hii atanivuta. Hakunivuta. Tangu hapo tukawa watu wa "sasa" pale bombani, basi.

Muhula uliofuata nilipelekwa hospitali moja ya Bungoma kwa mafunzo ya vitendo. Nesi aliyenisimamia alitaka kunimiminia chai, nikamwambia nimeshiba. Akaiweka chupa chini.

"Ati umeshiba, na tumefanya kazi tangu asubuhi? Huku ukikataa chakula ya mtu, ni kama unamwambia ameweka sumu. Si useme tu kama unatuogopa."

Nikamweleza habari ya kuku. Alicheka kwanza, kisha akaacha.

"Mtu anakuchinjia kuku, unakataa mara mbili? Huyo mama aliumia. Alikula kwako, sasa alikuwa anarudisha."

Nilikunywa chai yote bila kuisikia ladha. Katika nchi nzima ile, mtu mmoja tu alikuwa amekaa nami sahani moja, na nilikuwa nimemfukuza. Nilimnunia kwa sababu ya dagaa, kisha nikamdhalilisha kwa sababu ya kuku, na muda wote huo nilijihesabu kuwa mwenye adabu kuliko wote pale plotini.

Ijumaa nikaomba ruhusa nirudi Kitale. Gari liliposimama Kamukuywa nilishuka haraka nikanunua dagaa kwa mama mmoja kando ya barabara. Hawakuwa wa Nyasa, lakini walikuwa dagaa. Njia nzima nilipanga nitakavyomwomba radhi, na jinsi nitakavyokaa kwake bila kungoja kuvutwa.

Mlango wake niliukuta wazi. Ndani, mwanamume nisiyemjua alikuwa akigonga msumari wa pazia. Yule mama? Alirudi Naitiri na cherehani yake, wiki ya pili sasa. Niliuliza mlango kwa mlango, na hakuna aliyekuwa na namba yake ya simu. Mimi mwenyewe sikuwahi kuiomba.

Nikapika dagaa wote. Nikatoa kigoda, nikakaa na bakuli mapajani, mlango wazi. Yule mpangaji mpya akatoka na ndoo yake.

"Karibu tule," nikamwambia. Safari hii nilitaka akae. Nilikuwa nimeshasogea kumpa nafasi.

Akatabasamu vizuri. "Asante, wewe endelea," akasema, akapita kwenda kuteka maji.

Lilikuwa jibu la Songea kabisa. Nikaingia ndani na bakuli langu, nikafunga mlango.