Mguu Uliohamia Mkononi

Kokuberwa aliuza vitenge Tandika tangu ujana wake, na angeweza kufumba macho, akashika pindo la kitambaa, akakwambia kama kitachuja au hakitachuja. Vidole vyake vilikuwa hai. Miguu ndiyo iliyomtoroka. Sukari ilimtia ganzi kwenye vidole vya miguu, ganzi ikapanda hadi kisiginoni, mpaka siku moja akatembea kutoka sokoni hadi nyumbani na kipande cha chupa kimemzama unyayoni. Hakujua lolote hadi binti yake, Editha, alipopiga kelele: "Mama, hii damu ya nani?"

Kidonda kilipopona, kliniki ya sukari wakamkutanisha na Jenipher, mhandisi kijana aliyekuwa akijaribisha soksi za namna yake.

"Shikamoo, mama. Hizi zimefumwa kwa nyuzi zinazohisi mgandamizo. Kitu kikikubana au kikikuchoma, soksi inatuma habari kwenye bangili hii, nayo inatetemeka mkononi. Ni kama ngozi ya pili."

"Marahaba. Sasa mwanangu, ikiwa ngozi ya kwanza imekufa, hii ya pili inasikia kwa niaba ya nani?"

"Kwa niaba yako, mama," Jenipher akacheka.

Kokuberwa akazipapasa. Pamba, iliyochanganywa na nyuzi ngumu kidogo zenye kumetameta kama za magauni ya harusi. Nguo aliielewa. Mengine yote hakuyaelewa.

Kesho yake sokoni, kila akikanyaga, mkono ulimtetemeka. Akawa anatembea huku anautazama mkono, kama mtu anayechelewa mahali. Mchana, katika msongamano, bangili ikaruka kwa nguvu. Akamgeukia Twaha, muuza vifungo wa kibanda cha jirani.

"We Twaha, mkono wangu unauvutia nini?"

"Mama Editha, mie si nakula hapa!" Twaha akamwonyesha mikono yote miwili, mmoja umejaa wali, wa pili umeshika sahani.

Hapo ndipo Kokuberwa alipotazama chini, akaona kiatu cha mteja kingali juu ya mguu wake. Alivyochanganyikiwa, akamwomba radhi Twaha, kisha akamwomba radhi na yule mteja aliyemkanyaga.

Nyumbani kulikuwa na jambo jingine. Mumewe, Audax, karani mstaafu, alikuwa na desturi ya kumkanda miguu kila baada ya chakula cha jioni. Kokuberwa alikuwa akifumba macho na kusema, kwa "jamani" ya Kihaya chao, "Waitu, hapo hapo!" Kwa kweli alikuwa hasikii kitu, lakini aliona mzee anafurahi, akamwacha.

Jioni ile hakuvua soksi. Audax akauweka mguu mapajani, akaanza kukanda. Bangili ikatetemeka, ikatulia, ikatetemeka tena, polepole. Kokuberwa akajikuta analia.

"Nimekuumiza?"

"Hapana. Nasikia."

"Unasikia nini?"

"Sijui. Nasikia mkononi." Akapangusa machozi. "Baba Editha, kumbe huwa unapumzika katikati, halafu unaendelea."

"Vidole vinachoka. Si siku zote nafanya hivyo?"

Kokuberwa akaamua kusema. "Siku zote nilikuwa sisikii. Nilikuwa nasema tu."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Niliwahi kukutekenya unyayoni. Hukukunja hata kidole, ukasema, 'Waitu, hapo hapo.'"

"Sasa ulikuwa unaendelea kwa nini?"

Audax akawaza. "Nilidhani wewe ndiye unayependa."

Kokuberwa akatafuta hasira, hazikuja. Akatafuta kicheko, nacho hakikuja. Akaanza kupiga hesabu nani kati yao alikuwa amemdanganya mwenzake, na kwa faida ya nani.

Jenipher alipokuja nyumbani kwao kuuliza habari, swali lake lilikuwa jepesi: "Ukitetemekewa, mama, unasikia mguu au mkono?"

"Mguu." Akasita. "Hapana, mkono. Ngoja. Sokoni ni mkono. Nyumbani..." Akamtazama Audax, naye akatazama dirishani. "Mwanangu, usiandike kitu kwanza."

Jenipher akakubali, akamwachia soksi aendelee kuzijaribu.

Jenipher alipoondoka, Audax akaiomba bangili. Akaivaa mwenyewe, akakaa kwenye kigoda, akaukamata mguu wa mkewe uliovaa soksi na kuuminya kama kawaida yake. Bangili ikaruka mkononi mwake; akashtuka, akauachia.

"Waitu! Ndivyo ninavyokuminya hivi? Pole sana!"

"Mie sijasikia kitu," akasema Kokuberwa.

"Lakini mie nimesikia."

Akarudia kuuminya, safari hii taratibu, uso ameukunja kama anayeumwa yeye. Kokuberwa alimtazama asijue amwambie aache, au amwambie pole.